Mada ya Tisa: Insha ya Hoja – Saa za Kuegesha Magari Mtaani

Insha ya hoja huwatisha wengi kwa sababu wanadhani inahitaji maneno makubwa. Haihitaji. Inahitaji uwe umelitazama jambo kwa macho yako, ujue nani anaumia na nani ananufaika, kisha uchukue upande mmoja na kuutetea bila kuyumba. Katika mada hii tutatumia swali moja tu mwanzo hadi mwisho. Chukua kalamu na karatasi, maana utaandika nasi.

SWALI

Uongozi wa eneo lako umependekeza kwamba katika mtaa wa maduka, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, gari lisiegeshwe kwa zaidi ya saa moja. Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 ukikubali au ukipinga pendekezo hilo.

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize: ninaufahamu mtaa wa namna hii? Kama unasoma Same, jibu ni ndiyo. Mji umekaa kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha kwa upande mmoja na Dar es Salaam na Tanga kwa upande mwingine. Mabasi yanapita humo usiku na mchana. Juu yetu iko Milima ya Upare, na watu wa Chome, Vudee, Mbaga, Mamba na kwingineko wakihitaji saruji, dawa, mbolea au benki, hushukia mjini. Magari ya milimani mengi hushuka alfajiri na kupanda mchana. Katikati ya hapo yanakaa wapi? Hapo ndipo insha yako inapoanzia. Kama unasoma Hedaru, Mwanga au Korogwe, badilisha majina. Jambo ni lile lile.

KIFUNGU CHA MAZOEZI

Soma mazungumzo yafuatayo. Nimeyatunga kwa ajili ya mada hii, lakini aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kitongoji atasikia sauti anazozijua.

Mwenyekiti alisoma pendekezo, akauliza nani anataka kusema. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisimama kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nafungua duka saa mbili. Nikifika nakuta gari limeshaegeshwa mlangoni tangu saa kumi na mbili. Mwenyewe amepanda basi amekwenda Moshi, atarudi magharibi. Mteja wangu wa mabati asimame wapi? Anaenda kwa mwingine."

Dereva wa Noah alijibu kutoka nyuma. "Mzee wangu, shikamoo. Hilo la Moshi sikatai. Ila mimi nashuka kutoka mlimani, nafika hapa saa tatu, napanda saa nane. Saa tano hizo najaza abiria na mizigo yao. Mkiniambia niondoke baada ya saa moja, abiria wangu watanitafuta wapi? Na mafuta ya kuzunguka mji ananinunulia nani?"

"Stendi ipo, mwanangu," alisema mwenye duka.

"Stendi ipo, baba. Gunia la saruji litafikaje stendi?"

Watu walicheka. Mzee mmoja mkazi hakucheka. "Nyinyi mnagombania mahali pa kuweka magari. Sisi tunaoishi nyuma ya maduka, mgonjwa akizidiwa mchana tunambeba mikononi hadi barabara kuu, kwa sababu gari haliingii. Na watoto wakitoka shule wanapita katikati ya magari kama panya."

Kijana wa bodaboda alitaka kujua kama pikipiki nazo zimo. Mwenyekiti alikiri kwamba pendekezo halikutaja pikipiki wala bajaji.

Mwisho alisimama mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake. "Jamani, mimi sina gari na sina duka. Naleta tangawizi kutoka Mamba. Gari likinishusha karibu na soko, nabeba mwenyewe kwa safari mbili. Likinishusha mbali, nakodi mkokoteni, na faida ya gunia moja imeondoka hapo hapo. Kwa hiyo mkishapanga saa zenu, mtuambie sisi tusio na magari tumepangiwa saa ngapi."

KUPIMA HOJA

Sasa hesabu waliokubali na waliopinga. Utaona kwamba haiwezekani kirahisi. Mwenye duka hagombani na dereva wa Noah hasa. Anagombana na mtu ambaye hakuwapo mkutanoni, yule aliyeegesha na kupanda basi la Moshi. Dereva naye hapingi kuwekwa kwa saa. Anapinga kuwekwa kapu moja na aliyekwenda Moshi. Mzee anataka njia ipitike. Mama anataka mahali pa kushushia mzigo.

Watahiniwa wengi wangeandika hapa kwamba "wenye maduka wanataka na madereva hawataki", wakaishia hapo. Huko ni kuhesabu watu, hoja hujaigusa. Swali la kweli katika jambo hili ni moja: barabara ni ya wote, nafasi ni chache, basi nani apate zamu, na zamu yake iwe ndefu kiasi gani? Ukilishika swali hilo, hoja zako zote zitakuwa na mahali pa kusimama. Ukiliachia, utaandika kuhusu "umuhimu wa usafi wa mazingira" na "kukuza utalii", mambo mazuri ambayo hayakuulizwa.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu, wala si jipya. Mita ya kwanza ya kulipia maegesho duniani iliwekwa katika mji wa Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai 1935. Gharama yake ilikuwa senti tano kwa saa. Aliyeliwaza jambo hilo, Carl Magee, alikuwa mhariri wa gazeti. Wenye maduka walikuwa wakilalamika kwamba wafanyakazi wa maofisini wanafika asubuhi, wanaegesha mbele ya maduka na kuyaacha magari hapo hadi jioni, na mteja anakosa pa kusimama. Linganisha na maneno ya mwenye duka letu hapo juu. Jijini London mita kama hizo zilianza mwaka 1958. Hapa kwetu, wenye magari wa katikati ya jiji la Dar es Salaam wameuzoea ushuru wa maegesho kwa miaka mingi, na mwaka 2021 ukusanyaji ulipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki, wengi walilalamika kwamba wanakutana na deni ambalo hawakujua lilianza lini. Malalamiko hayo yana funzo kwa mwandishi wa insha: mtu anaweza kukubali utaratibu na bado akapinga namna unavyotekelezwa. Ukitenganisha mambo hayo mawili ndani ya insha yako, mtahini atakusoma kwa heshima.

Sikupi mfano wa Oklahoma City ili uukariri. Mfano wa mbali una faida pale tu unapokusaidia kueleza cha karibu, na kwenye insha ya maneno 300 sentensi moja inautosha.

LUGHA YA SWALI: "SAA MOJA" NI NINI?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo sarufi na maisha vinapokutana.

Tuseme uongozi umeandika kibao hiki:

MWISHO WA KUEGESHA SAA MOJA

Kina maana ngapi? Maana ya kwanza: usiegeshe kwa muda unaozidi dakika sitini. Maana ya pili: unaweza kuegesha mpaka saa moja jioni. Na kwa mtu aliyefika alfajiri ipo ya tatu: saa moja asubuhi uwe umeondoka. Hii ndiyo utata uliousoma katika mada ya nne. Chanzo chake ni neno "saa", ambalo kwa Kiswahili hutaja kipimo cha muda na pia hutaja wakati katika siku. (Linataja hata kile chombo cha mkononi, lakini hicho hakitusumbui hapa.) Dereva atakayetozwa faini kwa kibao kama hicho ana haki ya kubisha, na mimi ningekuwa upande wake.

Kuondoa utata huo ni kazi ndogo. Andika "kwa muda usiozidi saa moja" pale unapotaja muda, na "saa 1:00 jioni" pale unapotaja wakati. Wakati wa siku uandikwe kwa tarakimu na utajiwe asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kibao kizuri kingesomeka hivi:

KUANZIA SAA 2:00 ASUBUHI HADI SAA 11:00 JIONI, GARI LISIEGESHWE HAPA KWA MUDA UNAOZIDI SAA MOJA.

Kirefu, ndiyo. Lakini hakuna atakayebishana nacho.

Jambo la pili la lugha ni rejesta. Mtaani tunasema "kupaki", na ukimwambia dereva "tafadhali egesha gari lako pembeni" anaweza kudhani unatangaza redioni. Katika insha, hata hivyo, andika "kuegesha". Ukitumia "kupaki" ndani ya maneno ya mhusika uliyemnukuu, hilo si kosa; ukilitumia kwa sauti yako mwenyewe, ni kosa. Kitenzi "egesha" kinatokana na "egea", yaani kusogelea au kukaribia, kwa kuongezewa kauli ya kutendesha. Kutoka "egesha" tunapata "egeshwa", "egeshea" na nomino "maegesho". Maswali ya uundaji wa maneno hupenda vitenzi vya namna hii.

Mwisho, tofautisha "ushuru" na "faini". Ushuru wa maegesho unalipwa na mtu aliyefuata utaratibu. Faini inalipwa na aliyeuvunja. Anayeandika kwamba "kila anayeegesha atozwe faini" amesema kwamba kuegesha ni kosa, na sidhani kama ndicho alichokusudia.

NANI MWENYE MAMLAKA?

Hapa Kiswahili kinakopa kwa Uraia. Insha nyingi hupoteza nguvu kwa sababu mwandishi anamwagiza mtu asiyehusika. "Namwomba mwenyekiti wa kitongoji awatoze faini" ni mfano. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kutunga sheria ya faini. Mkutano anaouongoza unaweza kujadili, kutoa maoni na kuyafikisha juu. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, na kabla haijaanza kutumika lazima wananchi wajulishwe, wapewe nafasi ya kutoa pingamizi, waziri mwenye dhamana aidhinishe, na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Msingi wa mamlaka hizo za wananchi uko katika Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Barabara nazo zina wenyewe. Barabara kuu inayopita mjini ni ya TANROADS. Barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza mwaka 2017. Kwa hiyo anayetaka alama ya maegesho ichorwe mbele ya soko hapeleki ombi mahali pale pale na anayetaka malori yasisimame kando ya barabara kuu.

Angalizo dogo: katika swali letu neno "mtaa" lina maana ya kawaida, yaani njia yenye nyumba na maduka. Katika utawala, mtaa ni ngazi inayopatikana kwenye mamlaka za miji, manispaa na majiji. Kwenye halmashauri ya wilaya, kama ilivyo Same, ngazi ya chini ni kitongoji. Ndiyo maana katika kifungu nimeandika mkutano wa kitongoji. Usichanganye.

Huhitaji kuyaandika haya yote. Sentensi moja yenye mamlaka sahihi inatosha kuonyesha kwamba unajua unayemwambia.

INSHA YA MFANO

SAA ZA KUEGESHA ZIWEKWE, NA MIZIGO ITENGEWE NAFASI

Mtaa wetu wa maduka una upana wa kupitisha magari mawili tu. Magari yakiegeshwa pande zote mbili, kinachobaki ni jina la barabara. Kwa sababu hiyo nakubaliana na pendekezo kwamba kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, gari lisiegeshwe hapo kwa muda unaozidi saa moja.

Kwanza, nafasi ni chache na wanaozihitaji ni wengi. Gari moja likikaa kutwa, nafasi hiyo haimfai mtu mwingine yeyote. Kila gari likikaa saa moja, nafasi hiyo hiyo inaweza kuhudumia magari tisa kwa siku. Mwenye duka anapata wateja, na mteja hazunguki akitafuta pa kusimama.

Pili, mtaa uliojaa magari ni hatari. Mtoto anayetoka shule hupita katikati ya magari, na dereva hamwoni mpaka awe mbele yake. Gari la wagonjwa haliwezi kuingia. Moto nao hausubiri mwenye gari arudi kutoka safarini.

Tatu, saa zinazojulikana huondoa ugomvi. Leo mwenye duka huweka mawe mbele ya mlango wake ili pasiegeshwe, dereva huyaondoa, na siku huanza kwa matusi. Kibao chenye saa zilizoandikwa wazi kitamwonyesha kila mmoja haki yake na mwisho wake.

Wapo wanaosema kwamba utaratibu huu utawaumiza madereva wa magari ya milimani, ambao husubiri abiria kwa saa nyingi. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, kinachohitaji kufanyika mtaani ni kushusha na kupakia mizigo, kazi isiyochukua kutwa. Magari hayo yatengewe nafasi mbili za mizigo karibu na soko, na muda wa kusubiri abiria yautumie stendi. Hivyo mama mwenye gunia la tangawizi hatalazimika kukodi mkokoteni.

Naunga mkono pendekezo hili kwa sharti kwamba nafasi za mizigo zitengwe kwanza, halmashauri isikilize pingamizi za wakazi, na kibao kiwekwe kabla ya mtu yeyote kutozwa faini.

MAELEZO YA INSHA

Tazama aya ya pili. Mwandishi hakusema "nafasi zitatumika vizuri zaidi". Alihesabu: saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni ni saa tisa, gari moja kwa saa, magari tisa. Takwimu hiyo hakuitoa kwenye utafiti wowote. Ilikuwamo ndani ya swali. Mara nyingi swali lenyewe limebeba tarakimu ambazo mtahiniwa anazipita bila kuziona. Usibuni takwimu. Kuandika "asilimia 87 ya wakazi wanateseka" kunamfanya mtahini aanze kutilia shaka hata yale ya kweli.

Aya ya tano ndiyo inayotenganisha insha ya kawaida na insha nzuri. Mwandishi ameitaja hoja ya upande wa pili kwa haki, amekiri ukweli wake, kisha ameijibu. Hakuwatukana madereva. Hakusema "wanaopinga hawapendi maendeleo". Amechukua mahitaji ya dereva, akayagawa mawili, kupakia na kusubiri, na kuonyesha kwamba ni kupakia tu kunakohitaji kufanyika pale mtaani. Hapo ndipo kazi ya kufikiri ilipofanyika.

Je, jibu hilo linamridhisha dereva kabisa? Mimi naona halimridhishi. Abiria waliozoea kumkuta sokoni watalazimika kutembea hadi stendi, na siku za kwanza atapoteza baadhi yao. Mtahiniwa anayepinga pendekezo angeweza kuanzia hapo hapo na kuandika insha nzuri sawa na hii. Angesema kwamba anayesababisha msongamano ni aliyeegesha na kusafiri, si anayefanya kazi, basi azuiwe yule anayeliacha gari bila dereva. Angeuliza pia nani atakayesimama mtaani na saa mkononi kuanzia asubuhi hadi jioni, na mshahara wake utatoka wapi. Hayo ni maswali mazito, na insha yetu ya mfano haikuyajibu. Mtahini hatakupa alama kwa sababu umechagua upande anaoupenda yeye. Atakupa kwa jinsi ulivyouthibitisha.

Kuhusu sharti lililo mwishoni: swali linasema "ukikubali au ukipinga". Unaruhusiwa kukubali kwa sharti, ilimradi msomaji akikuuliza "uko upande gani?" apate jibu kwa neno moja. Anayeandika "pendekezo lina faida na hasara" na kuishia hapo hajajibu swali.

MAKOSA NINAYOKUTANA NAYO

Katika kusahihisha kazi za wanafunzi wangu, kosa linalonisikitisha zaidi si la tahajia. Ni la mwanafunzi anayejua jambo na kulificha. Mwaka mmoja nilitoa swali linalofanana na hili. Kijana mmoja, ambaye kila Jumamosi humsaidia mjomba wake kupakia mizigo kwenye Canter, aliandika ukurasa mzima kuhusu "nchi zilizoendelea zenye maegesho ya chini ya ardhi". Nilipomwita na kumuuliza kwa mdomo, alinieleza kwa dakika tano jinsi gari linavyopakiwa, kwa nini saruji inatangulia chini na mayai yanakuja juu, na kwa nini dereva hawezi kusogea akiwa amepakia nusu. Nikamuuliza, "Sasa mbona haya hukuyaandika?" Akasema, "Mwalimu, nilidhani hayo si ya kwenye insha."

Ni ya kwenye insha, mwanangu. Kile kitu cha gari lililopakiwa nusu ni hoja nzito kuliko maegesho yote ya chini ya ardhi, kwa sababu kinagusa muda wa saa moja uliotajwa kwenye swali: je, saa moja inatosha kupakia? Mimi mwenyewe niliwahi kukaa ndani ya Coaster kwa dakika arobaini, mtaani, katika mji ambao sitautaja, tukisubiri mwenye gari lililoziba njia amalize kula. Pembeni yangu alikuwapo mama aliyempakata mtoto mwenye homa. Ningekuwa nafanya mtihani siku ile, nisingeanza na "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akisafiri".

Makosa mengine nayataja kwa kifupi. Kuanza kila aya na "vilevile" ni uvivu. Kiswahili kina "aidha", "zaidi ya hayo", "kwa upande mwingine", na wakati mwingine aya haihitaji kiunganishi chochote. Upatanisho wa "gari" ni "gari limeegeshwa, magari yameegeshwa". "Gari imeegeshwa" ni ya mazungumzo. Andika "pasipo" au "bila", usiandike "pasipo na bila" kwa kutaka msisitizo. Na usizidishe maneno 300 kwa matumaini kwamba wingi utaonyesha bidii.

ZOEZI LA TISA

1. Eleza maana mbili za kila tungo, kisha iandike upya ili ibaki na maana moja:
(a) Dereva aliambiwa aondoe gari saa mbili.
(b) Mwenyekiti alimpigia mwenye duka simu.
(c) Magari ya mizigo na abiria wapya hayaruhusiwi.

2. Kwa kutumia kitenzi "egesha", tunga sentensi tatu zenye kauli ya kutenda, kutendwa na kutendea. Mada ya sentensi zote iwe mtaa mmoja.

3. Rudi kwenye kifungu cha mazoezi. Andika kumbukumbu za mkutano huo. Kumbuka kwamba kumbukumbu hazinukuu kicheko wala utani; zinaandika kilichojadiliwa na kilichoazimiwa. Kwa kuwa kifungu hakina azimio, lazima ulitunge. Liwe azimio ambalo mkutano wa kitongoji una mamlaka ya kulifikia.

4. Andika insha ya kupinga pendekezo lililo mwanzoni mwa mada hii, maneno 250 hadi 300. Usitumie hoja yoyote iliyomo katika insha ya mfano isipokuwa kwa kuijibu.

5. Wewe ni yule kijana wa bodaboda. Pendekezo halikutaja pikipiki wala bajaji. Mwandikie barua rasmi Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yako ukieleza saa na mahali ambapo pikipiki zinafaa kuruhusiwa kusubiri abiria, na kwa nini.

Dokezo la swali la 5: kabla ya kuandika barua, nenda ukasimame mtaani kwenu kwa nusu saa, saa ya kutoka shule. Hesabu pikipiki zinazosubiri, angalia zinasimama wapi, na angalia nani anashindwa kupita. Barua yako ibebe hesabu hiyo.